Kabla ya Kujuana



Alhamisi moja mjukuu wangu alirudi kutoka shule, hapa Kinyerezi, akiwa na karatasi aliyoikunja mara nne ndani ya daftari. Darasa lao lilikuwa limeunganishwa na darasa la watoto wa Ulaya, na kila upande ulitakiwa uupelekee mwenzake habari za maisha yake ya kila siku: mnaamka saa ngapi, mnakunywa nini asubuhi, nani anapika, mnalala wangapi chumba kimoja, babu na bibi wanakaa wapi. Hazikutakiwa habari za wafalme wala za vita. Zilitakiwa habari za chai na maandazi. Pamoja na maandishi ziende picha, na mara mojamoja watoto waonane na kusemezana kwa kompyuta ya shule, umeme ukiwapo. (Na sisi wa Kinyerezi kusema "umeme ukiwapo" ni jambo la kuchekesha, maana gesi ya Mtwara inasafiri kwa bomba zaidi ya kilomita 500 kuja kuchomwa hapa hapa mlangoni kwetu ili nchi ipate taa.)

Mimi nilifurahi. Mama yake, mke wa mwanangu, hakufurahi hata kidogo. "Baba," aliniambia, "nyumba yangu si senema." Akaingia jikoni. Nikabaki barazani na karatasi mkononi, na tangu siku ile nimekuwa nikilipima suala hili, ambalo naamini linazigusa nyumba nyingi za Waislamu wa pwani kuliko zinavyosema. Je, inafaa mtoto wetu afundishwe namna watu wa dini nyingine na desturi nyingine wanavyoishi majumbani mwao? Na je, inafaa wao nao wafunguliwe mlango watuone sisi tunavyoishi?

Wapo watakaojibu upesi kwamba haifai, na hoja yao naiheshimu. Watataja hadithi iliyopokewa na Abu Daud, kwamba mwenye kujifananisha na watu huwa ni katika wao. Watasema mtoto ni kama udongo mbichi, alama yoyote inaingia. Leo ameonyeshwa mti wa Krismasi na mbwa aliyelala kitandani, kesho atavitaka. Hofu hiyo si ya kijinga. Lakini tuseme kweli. Mtoto wa Kinyerezi hangojei karatasi ya shule ili amwone Mzungu. Anamwona kila usiku katika simu ya mjomba wake, na anachokiona humo si maisha ya kila siku ya mtu yeyote. Anaona magari, dhahabu na watu wasiofanya kazi. Mwenye kuiga huiga kilichopambwa. Barua ya mtoto mwenziwe inayosema kwamba leo mvua imenyesha, nimesahau daftari, mama amenigombeza, barua hiyo haina cha kuigwa. Inamjulisha tu kwamba huko nako kuna mama, na kuna kugombezwa.

Tena jambo lenyewe si geni kwetu. Abu Rayhan al-Biruni, mtu wa Khwarazm, alijifunza Kisanskriti, na katika miaka ya 1030 hivi akamaliza kitabu kikubwa juu ya Wahindi: imani zao, hesabu zao, sikukuu zao, na yale mambo yao ambayo wageni waliyaona ya ajabu. Alitanguliza kusema kwamba kitabu chake si cha mabishano, na kwamba atayaeleza mambo ya Wahindi kama wenyewe wanavyoyaeleza. Hakugeuka Mhindi kwa kufanya hivyo, wala Uislamu wake haukupungua.

Miaka 300 baadaye, mwaka 1331, Ibn Battuta alipita katika pwani yetu. Mogadishu alikirimiwa wali wa samli na vitoweo, na ndizi mbichi zilizopikwa kwa maziwa, na achari, na embe. Vyote akavitia katika habari zake. Mombasa alilala usiku mmoja tu, lakini hakukosa kuona kwamba watu walikuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini, na kwamba palikuwa na mkeka mnene mlangoni wa kuifutia. Mtu wa usiku mmoja akaona miguu inavyooshwa! Wako waliokaa kwetu miaka thelathini wasilione hilo. Na sababu haiko mbali: yeye alikuja kama mgeni, akapigiwa hodi na kukaribishwa, akala alichopewa, na alichokiandika ni kile alichokirimiwa nacho.

Juu ya chakula, ambacho ndicho watoto hukichekea zaidi, Mtume (S.A.W.) alituachia mfano ambao ningependa ubandikwe katika kila darasa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba aliletewa nyama ya mnyama wa jangwani, jamii ya mijusi, imechomwa. Alipojulishwa ni nyama gani akainua mkono wake. Khalid bin Walid akauliza kama ni haramu. Akajibiwa kwamba si haramu, ila haikuwa nyama ya nchi ya watu wake, na nafsi yake haiipendi. Khalid akaivuta akaila, na Mtume anamtazama. Angalia adabu iliyomo humo! Hakula, na hakumtukana aliyekula, na wala hakujilazimisha kuipenda ili aonekane muungwana. Mtoto aliyefahamu hivyo anaweza kusomewa kwamba watu fulani hula konokono, akanyamaza, akaendelea na somo.

Mpaka hapa nadhani hatuna ugomvi mkubwa. Ugomvi uko katika upande wa pili, wa sisi kutazamwa, na hapa nakiri kwamba mke wa mwanangu alikuwa ameona jambo ambalo mimi sikuliona.

Pwani hii ina historia ndefu ya kuulizwa habari zake na wageni. Mwaka 1900 mwalimu wa Kiislamu kutoka upande wa Bagamoyo, Mtoro bin Mwinyi Bakari, alichukuliwa kwenda Berlin kufundisha Kiswahili. Mwaka 1903 kikatoka kitabu cha desturi za Waswahili, ambacho sehemu kubwa yake ni kazi ya mkono wake, ingawa jina lililotangulia ni la Carl Velten. Humo mna kila kitu ambacho karatasi ya mjukuu wangu ilikitaka, na zaidi: uzazi, malezi, maamkizi, vyakula, harusi, maradhi, maziko. Wajerumani wakakisoma wakajua Waswahili wanavyoamka na wanavyozikana. Mwaka 1904 Mtoro akaoa huko mwanamke wa Kijerumani. Mwaka 1905 akapanda meli na mkewe arudi kwao, na serikali ya Kijerumani iliyokuwa ikitawala hapa ikawazuia kushuka Dar es Salaam pamoja kama mume na mke. Akageuzwa na bahari ile ile iliyomleta. Alifia Berlin mwaka 1927.

Nataka ndugu msomaji asimame hapa kidogo. Watu wale hawakukosa maarifa. Walikuwa na kitabu kizima. Walijua mahari ya Mswahili, walijua wanaokaa kitako harusini na wanaosimama. Lakini huyo Mswahili mwenyewe alipokuja na harusi yake mkononi, hawakumjua. Basi kujua habari za mtu na kumjua mtu ni mambo mawili, na la kwanza linaweza kutimia kabisa bila ya la pili.

Mfano mwingine ni wa Sayyida Salme, binti wa Sayyid Said, aliyeondoka Unguja mwaka 1866, akaolewa Aden kisha akahamia Hamburg, na mumewe akafa kwa ajali ya tramu mwaka 1870, akabaki mjane na watoto wachanga katika nchi ya baridi. Kitabu chake kilitoka mwaka 1886. Sehemu kubwa yake ni mambo ya nyumbani: mavazi, Ramadhani, Idi, maradhi, malezi, hali ya mwanamke. Na alikianza kwa ajili ya watoto wake mwenyewe, waliokua wakisema Kijerumani na hawakuijua nyumba aliyozaliwa mama yao. Jambo hilo hunitia huzuni kila nikilikumbuka, mama kumwandikia mwanawe habari za kwao kama anavyoandikiwa mgeni. Leo Dar es Salaam na Hamburg ni miji ndugu tangu mwaka 2010, na zimo shule za pande mbili zilizoshikana mikono. Na Wamarekani nao, mwaka 2002, baada ya yale yaliyotokea Septemba 2001, walianzisha mpango wenye majina ya maseneta Kennedy na Lugar, wa kuwachukua wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi wakakae mwaka wa shule katika nyumba za Wamarekani. Vijana wa Kenya na Tanzania wamekwenda kwa mpango huo. Serikali haitoi fedha bila ya haja yake, hilo tulijue. Lakini kijana aliyefunga Ramadhani katika nyumba ya watu wasiofunga, na mama mwenye nyumba akaamka usiku kumpashia daku, amepata kitu ambacho haja ya serikali haikukitia hesabuni.

Narudi Kinyerezi. Mke wa mwanangu alikubali mwishowe, kwa ajili ya mtoto. Akaja mtu wa kupiga picha. Sitasema alitumwa na nani. Nyumba ilikuwa imefagiliwa, vitambaa vya kufuma vimetandikwa juu ya makochi, na mtoto amevaa baibui lake jipya, amesimama mbele ya rafu yenye msahafu na vitabu vya shule. Yule bwana akapiga picha moja. Kisha akatoka uani, akaona ndoo za maji na jiko la mkaa, na mdogo wake msichana anakwenda peku na kamasi puani. Hapo akapiga nyingi, akachutama, akazunguka, akamwambia mtoto ainue ndoo. Picha iliyokwenda Ulaya ni ya ndoo.

Ndoo ni yetu, sikatai. Maji ya bomba yakikatika tunachota kisimani kama majirani. Lakini mtu akiulizwa habari za jirani yake, naye akataja homa yake tu, amesema kweli na amemdhulumu. Hata hivyo, ili nami nisimdhulumu yule bwana, sebule yetu nayo haikuwa kweli. Vitambaa vile hukaa kabatini, hutoka kwa Idi na kwa posa. Yeye alitaka kutufanya maskini wa kuhurumiwa, na sisi tulitaka kujifanya matajiri kidogo. Mtoto peke yake ndiye hakuulizwa. Nilipomuuliza mimi angependa wenziwe waone nini, alinitajia: msongamano wa daladala asubuhi na konda anavyowakataa wanafunzi; paka wake; na ule mtambo wa umeme, ambao wa pili wake Rais Magufuli aliuzindua mwaka 2018, kwa sababu usiku una taa nyingi kama meli. Hakuna hata kimoja kilichokwenda.

Katika Suratun Nur, aya ya 27, Mwenyezi Mungu ametukataza kuingia nyumba zisizo zetu mpaka tubishe na tuwatolee salamu wenyewe. Na katika hadithi ya Sahl bin Saad, mtu mmoja alichungulia tunduni katika chumba cha Mtume (S.A.W.), naye mkononi ana chanuo la chuma. Akamfahamisha kwa ukali kwamba amri ya kubisha imewekwa kwa sababu ya jicho. Mguu wa yule mtu ulikuwa nje, na kosa lilikwisha kutendeka. Sasa kamera ni nini kama si jicho? Tena ni jicho linalokwenda nalo lilichokiona, likawape wengine watazame siku ambayo mwenye nyumba amelala. Hodi ya mlango yule bwana aliipiga. Hodi ya uani hakuipiga, wala ile ya mtoto mwenye kamasi.

Watu wengi hupenda kuitaja aya ya 13 ya Suratul Hujurat wakizungumza mambo haya, nami naipenda. Humo tunaambiwa kwamba tumeumbwa mataifa na makabila ili tujuane. Lakini mara nyingi inasomwa peke yake, kama mtu anayeingia nyumbani kwa dirisha. Isome na zilizo kabla yake. Aya ya 11 inakataza watu kuwacheka watu wengine, huenda wakawa ni bora kuliko wao, na inakataza kubandikana majina mabaya. Aya ya 12 inakataza dhana nyingi, inakataza kupelelezana, inakataza kusengenyana. Baada ya hayo ndipo inapokuja aya ya kujuana. Ndivyo ninavyouona mpango wake: kuna milango mitatu au minne ya kufungwa kwanza, dhihaka, dhana, upelelezi, na kumsema mtu hali hayupo, na anayetaka kujuana huku milango hiyo iko wazi hapati kujuana, hupata kitu kingine chenye sura yake. Yule bwana wa picha alipotea katika mlango wa upelelezi. Nami nilikuwa nimekwisha kuitayarisha hukumu yangu juu yake na juu ya waliomtuma, na juu ya watoto wa Ulaya wanaotutazama, mpaka barua yao ilipofika.

Barua ilikuwa ya msichana wa miaka kumi na mmoja, umri wa mjukuu wangu. Ilifasiriwa na mwalimu. Alieleza mkate anaokula asubuhi, baiskeli anayokwenda nayo shule, na kwamba saa kumi jioni katika majira ya baridi kiza kimekwisha ingia. Kisha akasema bibi yake anakaa katika nyumba ya wazee, na kwamba wao humtembelea kila Jumapili.

Darasa zima likacheka. Mjukuu wangu mwenyewe ndiye aliyenihadithia. Waliguna, wakasema Wazungu hutupa wazee wao. Na mwalimu, Mungu amsamehe, alitabasamu. Watoto wakaandika jibu, na ndani yake wakatia swali: kwa nini mmemtupa bibi yenu?

Nisimfiche msomaji: niliposikia swali hilo nilifurahi. Nilijiona tumelipa ile ndoo.

Jibu lilikuja baada ya wiki mbili. Yule msichana hakukasirika, au kama alikasirika hakuonyesha. Alisema bibi yake ana maradhi ya kusahau. Aliwahi kuwasha jiko akatoka nje, na usiku mmoja alipotea barabarani amevaa nguo za kulalia. Mama yake anafanya kazi ya zamu za usiku hospitalini, na baba hakai nao. Walijaribu miaka miwili. Sasa kila Jumapili anakwenda kumsomea kitabu kile kile, kwa sababu bibi hukumbuka kwamba anakipenda ingawa hakumbuki kwamba amekwisha kusomewa. Akamaliza kwa kuuliza, kama karatasi ilivyowataka wote waulize: na wewe, bibi yako unamwona siku gani?

Mjukuu wangu aliileta barua hiyo nyumbani, akamsomea mama yake akiwa anachambua mchele. Kisha akamuuliza, bila ya ubaya wowote, mtoto tu anayetafuta jibu la kuandika: "Mama, bibi wa Kibiti tulikwenda kumwona lini?"

Mama yake hakujibu. Aliendelea na mchele. Bibi wa Kibiti ni mama yake mzazi, anakaa peke yake na kijana wa jirani anayemchotea maji, na mara ya mwisho walikwenda Idi ya mwaka uliopita, wakarudi siku ile ile. Hutumiwa fedha kwa simu, hilo halipiti mwezi. Kibiti si Ulaya. Ukifika Mbagala Rangi Tatu ukapata gari la kwenda kusini, kwa saa chache umefika. Na mimi niliyekaa barazani kuhukumu kamera za watu, sikuwahi hata siku moja kumwambia mwanangu ampeleke mkewe akamwone mama yake. Sisi hatuna nyumba za wazee. Tunalisema hilo mimbarini na tunalisema harusini. Bibi wa Kibiti yuko katika nyumba yake mwenyewe, na tofauti aliyonayo na bibi wa barua ni Jumapili.

Hapo nikafahamu kwa nini mke wa mwanangu aliikataa ile karatasi tangu siku ya kwanza. Alikuwa ameisoma mpaka chini, na swali la mwisho lilikuwa ni lile la babu na bibi wanakaa wapi. Ndoo haikumuumiza yeye kama ilivyoniumiza mimi.

Sikumwambia kitu. Usiku alizungumza na mumewe, na Jumamosi tukaondoka wote, watu watano, alfajiri. Njiani mtoto aliniambia shule imemwazima kamera ndogo, apige mwenyewe picha za jibu lake, na aliuliza kama anaruhusiwa. Nikamwambia ruhusa siyo yangu, ni ya mwenye nyumba.

Tulimkuta bibi kibarazani anasuka ukili. Walipomaliza kulia na kucheka, na chai imekwisha pikwa, mtoto akachutama mbele yake, akamweleza habari za yule mwenziwe wa Ulaya na bibi yake anayesahau, akamuuliza kama anaweza kumpiga picha ampelekee. Bibi aliuliza jina la yule bibi mwenziwe. Mtoto hakulijua. "Muulize," bibi akamwambia, "nimtaje katika dua." Kisha akainuka, akamshika mkono mama yake mtoto. "Ngojeni kwanza," akasema, "nikabadilishe kanga."